Nukuu ya juu kwenye ukurasa wa anime, ichague kama mama anavyochagua kanga

Usiku bando likiwa bei ya kueleweka huwa naediti kurasa za Kiswahili za anime, yani katuni za Kijapani, na kiukweli kinachoniuma kuliko hata makosa ya tahajia ni ile nukuu inayokaa juu kabisa. Unafungua ukurasa wa anime unayoipenda kufa, kabla hujafika kwa mtunzi wala mwaka ilioanza unakutana na maneno ya kutia moyo, yale ya usikate tamaa, ndoto zako utazifikia, mazuri hayana shida ila ungeweza kuyahamishia kwenye anime nyingine hamsini na hakuna mtu angestuka. Sasa hiyo nukuu inafanya kazi gani pale? Ndo maana nimeamua kuandika namna ninavyofanya mimi, maana imenichukua muda kuipata na kuna wadogo zetu wengi wanaanza kuediti sa hivi, wana moyo kweli, ila hakuna aliyewakalisha chini akawaelekeza hiki kipande.

Tuelewane kwanza, naongelea wiki za mashabiki, tovuti ambazo shabiki yeyote anaweza kuandika na kurekebisha, zile ambazo anime moja inaweza kuwa na mamia ya kurasa za wahusika na vita na silaha mpaka vyakula. Kwenye Wikipedia usihangaike, kule makala inaanza na sentensi inayosema hiki kitu ni nini, nukuu ya kufungulia sio mahali pake. Na neno wiki hapa sio ile ya Jumatatu mpaka Jumapili, limetoka kwenye Kihawaii, kule maana yake haraka, na aliyeipa jina hilo tovuti ya kwanza ya aina hii ni Ward Cunningham mwaka 1995. Haraka inafaa kwa mambo mengi, ukiona kosa unarekebisha papo hapo, ila kwenye nukuu haraka ndo inatuponza, mtu anahangaika na ukurasa siku kumi afu nukuu anaitafuta dakika mbili, anakopi, anapesti, anaenda kulala.

Kanga inaingiaje sasa. Nimekua nikiongozana na mama Kariakoo, pale Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga, na kila safari mambo ni yaleyale, muuzaji anamkunjulia doti, rangi kali, pindo limetulia, mama wala hajagusa kitambaa anauliza imeandikwaje. Akisomewa jina akalipenda ndo anaanza kuangalia rangi. Nilikuwa naona anapoteza muda, yale maandishi ukishajifunga si hata hayasomeki vizuri. Baadae sana ndo nikaelewa kwamba jina la kanga haliielezi kanga, halisemi mimi ni nyekundu nina maua ya korosho, jina linaongea na mtu. Anayejua kisa cha aliyeivaa atasikia mengi, asiyejua atasikia machache ila yanatosha kumfanya ageuke. Na sio kila jina linaenda kila mahali, ya kumsindikizia bi harusi huwezi kuivaa msibani. Nukuu ya kufungulia ukurasa naiona hivyohivyo: fupi, inasimama yenyewe, inamchokoza ambaye hajaangalia, na yule aliyemaliza anime mpaka mwisho akirudi kuisoma anasikia kitu kingine ndani yake.

Kwahiyo kabla hujaanza kutafuta funga kwanza gugo. Fungua noti kwenye simu au chukua kipande cha karatasi uandike swali moja ambalo anime yote inalizunguka. Nimesema swali, sio muhtasari. Chukua Death Note, ile ya studio ya Madhouse ya 2006 mpaka 2007, episodi 37. Ukiandika muhtasari utasema kijana anaokota daftari, anaua wahalifu, anatafutwa. Ukiandika swali utasema: mtu mwenye akili zake, wa kawaida kabisa, akipewa uwezo wa kuua bila kushika silaha ataishia wapi? Ukishakuwa na swali kama hilo, zile kauli za Light, huyo kijana mwenyewe, za kujiita mungu wa dunia mpya zinaanza kupungua nguvu, kwasababu zile ni jibu, tena jibu la kwake yeye, na ukurasa ni wa anime nzima sio wa kwake peke yake. Mimi hapo nachukua kanuni ya kwanza iliyoandikwa ndani ya daftari lenyewe, kwamba binadamu ambaye jina lake litaandikwa humu atakufa. Haisemwi kwa hasira wala kwa machozi, ni maandishi tu, yamekaa baridi kama maelekezo kwenye paketi ya sumu ya panya, na ndo maana yanatisha, na msomaji anabaki na lile swali mkononi, ningekuwa mimi ningeandika jina la nani.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii, nukuu sio lazima itoke mdomoni mwa steringi. Inaweza ikawa maandishi, sauti ya msimulizi, tangazo, hata mtu aliyetokea mara moja akauawa. One Piece ndo mfano mzuri kuliko yote. Manga, yani kitabu chake cha michoro, imeanza 1997, anime imeanza tarehe 20 Oktoba 1999 na mpaka leo inaenda, imeshavuka episodi 1100, na kila mtu anajua steringi wake Luffy anavyopiga kelele kwamba atakuwa mfalme wa maharamia. Sawa, hiyo ni ya Luffy, iweke juu ya ukurasa wa Luffy. Ila aliyewafanya watu wote wale waingie baharini ni Gol D. Roger, amesimamishwa mbele ya umati anaenda kuuawa, anaulizwa kuhusu hazina yake, na anajibu: "Hazina yangu? Mkiitaka nitawapa. Itafuteni! Vyote vya dunia hii nimeviacha huko." Maneno yanaisha, mtu anakufa, na zaidi ya miaka ishirini na mitano bado tunauliza huko ni wapi na vyote ni vitu gani. Swali la anime nzima liko ndani ya neno moja, huko. Ukipata nukuu ya namna hiyo usitafute nyingine.

Pa kutafutia, anza na dakika kumi za kwanza za episodi ya kwanza, uziangalie upya hata kama unazijua kwa moyo, maana waandishi wengi swali lao wanaliweka mlangoni. Attack on Titan ilivyoanza Aprili 2013 maneno yake ya kufungulia yalikuwa kwamba siku ile wanadamu walikumbuka, walikumbuka hofu ya kutawaliwa na wale, na aibu ya kufungiwa ndani ya tundu kama ndege. Hakuna jina la mtu, hakuna jina la mji, hakuna hata neno titani, yale majitu yenyewe, ni wale tu. Na aliyeangalia mpaka mwisho wake Novemba 2023 anajua lile tundu la ndege sio ukuta unaowazunguka peke yake, sitasema zaidi. Baada ya mwanzo nenda kwenye sauti ya msimulizi inayojirudia, afu maneno ya wapinzani wakati bado hatujawajua vizuri, wapinzani mara nyingi wanasema ukweli wa hadithi kabla steringi hajaufikia. Mwisho kabisa ndo uende kwenye zile hotuba za katikati ya vita ambazo watu wote wamezipiga skrini shoti, zile zina utamu wake ila utamu unatokana na episodi thelathini zilizotangulia, ukiitoa pale ukaibandika juu ya ukurasa inakuwa kama ubwabwa bila mchuzi, unameza ila haushuki.

Naomba nikae kidogo kwenye Fullmetal Alchemist kwasababu ndo iliyonifundisha hii kazi. Ziko mbili, ya 2003 yenye episodi 51 na Brotherhood ya 2009 yenye 64, zote za studio ya Bones, zote zimetoka kwenye manga moja ya Hiromu Arakawa. Ile ya 2003 ilitoka manga ikiwa bado inaandikwa kwahiyo ikakata kona ikaenda kumalizia kwake, Brotherhood ndo ikafuata manga. Sasa kwenye ile ya 2003 episodi nyingi zinafunguliwa na sauti ya Alphonse, au Al, mdogo wake steringi Edward, anasema mtu hawezi kupata kitu bila kutoa kitu, na ili upate lazima utoe chenye thamani ileile, hiyo ndo kanuni ya kubadilishana sawa kwa sawa katika alkemia. Hapo ndo watu wote wanapokata, wanafunga alama za nukuu, wanasevu. Na mimi nilikata hapohapo, nikaona nimepata, ina uzito, ina kanuni, inafanana na mambo ambayo wazee wetu wanasema kuhusu jasho na riziki.

Ila Al hajamaliza kuongea. Kuna sentensi moja inafuata, fupi: enzi zile sisi tuliamini kwamba huo ndo ukweli wa dunia. Aisee. Nilivyoirudia nikiwa kwenye mwendokasi na heifoni nilihisi mwili umesisimka, kwasababu ile sentensi ndo inageuza kila kitu, yani kanuni sio hekima tena, ni kitu ambacho watoto wawili waliwahi kukiamini, na neno enzi zile linakuambia kuna siku hawakukiamini tena, na neno sisi linakuambia walikuwa wawili na mmoja anasimulia. Ukikata kabla ya hapo umeweka kanuni ya shuleni juu ya ukurasa. Ukiiacha umeweka jeraha. Tangu hapo nina desturi, nikipata nukuu nasikiliza sentensi moja kabla na moja baada ya pale ninapotaka kukata, kila mara, na mara nyingi ile ya baada ndo ilikuwa nukuu yenyewe. Na kwasababu hiyohiyo usije ukaichukua hii ukaipeleka kwenye ukurasa wa Brotherhood, kanuni ipo kote kuwili lakini sauti hii ya Al ya kukumbuka zamani ni ya 2003, na hadithi zinaishia sehemu tofauti.

Ukishapata zako mbili tatu zipeleke kwa mtu ambaye hajaangalia. Sio mshkaji wako wa anime, yeye atajazia mwenyewe mapengo bila kujua. Mimi namsomea mama. Yeye hizi zote anaziita katuni na hana muda nazo, anachambua mchele, namwambia mama sikiliza hii, namsomea kwa sauti ya kawaida bila mbwembwe, afu nanyamaza. Ile ya Attack on Titan alinyanyua kichwa akauliza, "Nani kawafungia?" Basi, imepita. Swali hilo ndo aya ya kwanza ya ukurasa inatakiwa ilijibu, unaona inavyoshikana, nukuu inauliza na aya inapokea. Kuna nyingine nilimsomea akasema haya, maneno mazuri, akaendelea na mchele wake. Ile niliifuta. Mtu akikwambia maneno mazuri bila kuuliza kitu ujue umeleta maneno ya kwenye kadi ya mchango. Na soma kwa sauti kweli usimpe simu asome, nukuu ikisomwa kwa sauti ndo unasikia ilipo nzito, ilipo ndefu mno, na ambapo Kiswahili chake kimetafuniwa.

Sasa spoila, yani kumfichulia mtu hadithi kabla hajaifikia. Hapa nina kosa langu ambalo mpaka leo linanisumbua. Niliwahi kuweka juu ya ukurasa maneno yaliyosemwa karibu na mwisho wa anime fulani, sitaitaja kwa sababu hiyohiyo, niliona nimeificha vizuri kwasababu maneno yenyewe hayakutaja tukio lolote. Mdogo wangu alikuwa episodi ya nane. Akafungua ukurasa aangalie tu jina la mhusika linaandikwaje, akasoma nukuu, akasoma jina la msemaji chini yake, akanyamaza, afu akaniambia kaka kumbe huyu ni mzima. Ndo nikajua kwamba jina la msemaji peke yake ni spoila, maneno yanaweza kuwa safi kabisa na jina likaharibu. Kwahiyo sheria yangu sasa ni hii, nukuu ya kufungulia itoke ndani ya episodi tatu za kwanza, na kama haiwezekani basi isizidi pale ambapo mtu yeyote aliyesikia kuhusu hiyo anime barabarani tayari anajua. Na msemaji muandike kwa jina alilokuwa anajulikana nalo wakati anasema, kama alikuwa anaitwa mtu mwenye kofia muite hivyohivyo, hata kama wewe unajua ni nani. Ukurasa wa juu ndo mlango wa wageni, na mgeni aliyekuja kuangalia kama aianze hii anime au asianze ndo mtu wa kwanza unayemuandikia. Nukuu za mwisho wa hadithi zina mahali pake, ziweke kwenye ukurasa wa episodi yenyewe.

Kuhakiki. Usiamini picha yenye maneno na uso wa mhusika, zile zinatengenezwa na mtu yeyote na nyingi maneno yake hayajawahi kusemwa popote. Hata maneno maarufu duniani kote yanaweza kuwa na tatizo. Ile ya Vegeta kwenye Dragon Ball Z kwamba nguvu za Goku zimepita 9000, watu wanaiandika kila mahali, lakini kwenye Kijapani anasema zimepita 8000, 9000 imetoka kwenye dabu ya Kiingereza, yani toleo lililoingiziwa sauti za Kiingereza. Haimaanishi 9000 ni uongo, ile dabu ipo na ndo iliyosambaa, ila ukiiweka lazima useme ni ya dabu, na kama ukurasa wako unafuata Kijapani basi ni 8000 hata kama watakuja kukubadilishia kila asubuhi. Hakikisha unaisikia mwenyewe kwenye episodi, ukiwa na manga unafungua na manga, na kama haviendani unachagua kimoja na kukitaja.

Kwetu hapa kuna mtego mwingine ambao wenzetu wa nje hawana. Wengi wetu tumeanza kuangalia hizi kitu kwenye vibanda umiza au kwenye flashi za muvi zilizotafsiriwa, zile ambazo jamaa anaongea Kiswahili juu ya sauti za wahusika, na wale jamaa wana kipaji, wanaongeza utani, wanaongeza misemo, wanampa mtu jina la mtaani. Nawaheshimu sana, bila wao nisingependa anime. Ila maneno unayoyakumbuka wewe tangu uko darasa la nne inawezekana ni ya mtafsiri, mhusika hakusema hivyo kabisa. Nilitafuta kauli moja siku tatu nzima kwenye episodi zote, sikuiona, mpaka nikakubali kwamba ilitoka kwa yule aliyetafsiri. Ukiitaka lazima uandike kwamba ni tafsiri ya Kiswahili ya masimulizi, kwenye sehemu ya mapokezi huku kwetu, itapendeza pale, ila juu ya ukurasa kama maneno ya mhusika hapana.

Tafsiri yenyewe sasa, na hapa ndo Kiswahili kinakuwa kitamu. Wengi tunatafsiri kutoka kwenye sabtaito za Kiingereza, sawa, sio kila mtu anajua Kijapani na mimi nimejifunza kidogokidogo tu kwa kusikiliza na kufungua kamusi, ila angalau sikiliza ile sauti ya asili ukiwa na maana ya neno mojamoja. Rudi kwa Roger. Niliona mahali wameandika itafute. Kijapani anasema sagase, na neno hilo halikwambii anaongea na mmoja au na wengi, Kiingereza nacho hakikwambii. Kiswahili kinakulazimisha uchague, itafute au itafuteni, na huwezi kuchagua bila kurudi kuangalia tukio lenyewe. Ukirudi unaona umati, uwanja umejaa watu, kwahiyo ni itafuteni na mkiitaka na nitawapa. Ukiandika itafute umemgeuza anaongea na mtu mmoja pembeni na ile mantiki yote ya watu kukimbilia baharini imekufa. Herufi mbili tu hizo.

Naruto nayo. Ile kauli ya steringi Naruto mwenyewe ya njia ya ninja, ukipitia kwenye Kiingereza unapata kitu kama sirudi nyuma kwenye neno langu, ambacho kwa Kiswahili hakina mifupa. Kijapani anasema massugu, jibun no kotoba wa magenee, sore ga ore no nindo da. Massugu ni kunyooka, na magenee ni sipindishi. Yani Kijapani kinasema kunyooka na kupindisha, na sisi tunasema mtu aliyenyooka na mtu anayepindisha maneno! Kwahiyo unaandika: "Nimenyooka, neno langu silipindishi, hii ndo njia yangu ya ninja." Kiswahili kimekaa karibu na Kijapani kuliko Kiingereza kilivyokaa, na nilivyogundua hilo nilifurahi kama nimeokota hela. Ila lile dattebayo lake liache kama lilivyo, halina maana ya kamusi, ni namna yake ya kumalizia sentensi, dabu ya Kiingereza ikaweka maneno yake ya kuziba pengo na ukiyatafsiri yale unakuwa unatafsiri kizibo.

Kingine, Kijapani kina mimi nyingi, ore ya kibabe, boku ya upole upole wa kijana, watashi ya heshima, na sisi mimi ni mimi. Kama utamu wote wa nukuu uko kwenye mimi gani imetumika, tafuta nukuu nyingine, hutaweza kuubeba. Mpangilio wa maneno lakini unabebeka, Luffy anaanza na mfalme wa maharamia afu ndo anajitaja, kwahiyo usiandike mimi nitakuwa mfalme wa maharamia kama mtu anayejaza fomu, andika mfalme wa maharamia nitakuwa mimi, unaisikia inavyopiga.

Mengine madogo nayapitia haraka. Nukuu moja tu, sio tatu zimepangwa kama mkeka. Urefu usizidi pumzi moja au mbili, ikizidi mistari minne ya simu mtu anairuka. Mashairi ya nyimbo za kufungulia usiweke, ule ni wimbo wa wasanii wengine na una haki zake, na mara nyingi hauna uhusiano na hadithi. Mazungumzo ya watu wawili yanakubalika kama mmoja anauliza na mwingine anajibu, zaidi ya hapo inakuwa vurugu. Tumia templeti ya nukuu ya wiki husika, ile ya mabano yaliyopinda mawilimawili, usijitengenezee na italiki na rangi, maana kwenye simu itavunjika na wasomaji wetu karibu wote wako kwenye simu. Chini yake weka msemaji, jina la anime kama ziko zaidi ya moja, na namba ya episodi. Dakika usiweke, zinatofautiana kutokana na mtu anaangalia toleo gani. Usiweke maelezo ya nukuu chini ya nukuu, jina la kanga halina tanbihi. Na ukikuta mwenzako ameshaweka ya kwake usiifute kimyakimya, muandikie kwenye ukurasa wa majadiliano, muulize aliichagulia nini, mara mbili nimejibiwa kitu ambacho sikukiona na nikaiacha ya kwake.

Juzi nilikuwa na ukurasa wa Neon Genesis Evangelion, ya 1995, episodi 26. Swali lake niliandika hivi, mtoto anayetaka tu baba yake amuone, akiambiwa akapigane, anakaa au anaondoka? Nukuu wala haikunisumbua kuipata, episodi ya kwanza Shinji, huyo mtoto, anajirudiarudia mwenyewe nigecha dame da, nigecha dame da. Kilichonisumbua ni Kiswahili. Niliandika sitakiwi kukimbia, nikaona hiyo ni ya mtu anayesoma kanuni za bweni. Nikaandika sipaswi kukimbia, ndo mbaya zaidi, hakuna mtoto wa miaka kumi na nne anayetetemeka huku anasema sipaswi. Nikaandika lazima nisikimbie, ikawa ndefu, na yule pumzi yake ni fupi. Nikaiacha nikaenda kulala, asubuhi namsikia mtoto wa jirani pale nje, mama yake alikuwa ameshika kandambili, kamtoto kanajiambia kenyewe kwa sauti ya chini, nisilie, nisilie, nisilie. Nikarudi kwenye simu nikafuta yote, nikaweka "Nisikimbie, nisikimbie, nisikimbie", Shinji Ikari, episodi ya 1, nikamsomea mama. Akauliza, "Anakimbia nini?" Nikasevu.